Mfuko wa Mzazi Kwanza, Akili ya Mtoto Baadaye

Iko desturi katika vyuo vingi vya Marekani ambayo walimu wa Kiswahili wa nchi hizi zetu huitumikia kila mwaka kwa kalamu zao, na ambayo sisi tunaipinga. Desturi yenyewe ni hii: mwanafunzi atokaye nchi za nje, akiomba nafasi ya masomo pamoja na msaada wa fedha, hutakiwa apeleke hati za mali na mapato ya wazazi wake kabla chuo hakijaamua kama kinamtaka mwanafunzi huyo au hakimtaki. Hati zikikosekana, faili huwekwa kando kwa jina la "haijakamilika". Siku ya mwisho ikipita, mtoto amekwisha hukumiwa, ingawa hakuna hakimu aliyeketi, wala pengine aliyesoma hata mstari mmoja wa insha yake.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na jarida la utamaduni. Uhusiano upo, na ni wa karibu. Sisi tunaoandika haya twafundisha katika shule zilizo jirani na makazi ya wakimbizi ya kusini-magharibi mwa Uganda, upande wa Nakivale. Wazazi wengi wa huko wametoka Kivu na sehemu nyingine za mashariki ya Kongo. Kiswahili ndicho wanachosalia, ndicho wanachouzia sokoni, ndicho wanachogombea bei, Kiingereza hawana. Ifikapo Oktoba, mzazi huja shuleni na mtoto wake, mkononi ana bahasha au simu yenye fomu. Hamtafuti mwalimu wa hesabu ijapokuwa fomu imejaa hesabu, wala mwalimu wa Kiingereza ijapokuwa fomu ni ya Kiingereza. Humtafuta mwalimu wa Kiswahili, kwa sababu huyo ndiye atakayemwelewa. Basi mwalimu wa Kiswahili huwa mkalimani, karani na shahidi kwa pamoja. Kazi hiyo hatuilalamikii. Mtu akikuamini hata akufunulie umaskini wake, amekuheshimu. Tunacholalamikia ni swali analoulizwa, na wakati anapoulizwa.

Fomu itumikayo zaidi huitwa CSS Profile, nayo huendeshwa na College Board, shirika lile lile linalosimamia mtihani wa SAT. Ada yake ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na dola 16 kwa kila chuo kinachofuata. Familia ya Marekani yenye mapato yasiyozidi dola 100,000 kwa mwaka husamehewa ada hiyo. Mtoto wa Nakivale hana msamaha wa namna hiyo. Hungoja chuo chenyewe kimpe namba ya kumwondolea malipo, na si kila chuo hutoa. Tazameni ajabu hiyo: mtu hulipa kwanza ili apate ruhusa ya kueleza kwamba hana cha kulipa.

Tukiingia ndani ya fomu tunakuta maswali ambayo kwa mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi ni mepesi. Mapato ya baba ya mwaka jana ni kiasi gani? Ya mwaka huu yatakuwa kiasi gani? Nyumba mnayokaa ilinunuliwa mwaka gani, na leo ina thamani gani? Akiba ya benki je? Mna shamba au biashara, na mkiviuza mtapata nini? Kisha yatakiwa barua ya mwajiri, taarifa ya benki na hati ya kodi, na hati isiyo ya Kiingereza ifasiriwe.

Sasa mchukueni mzazi alimaye mihogo na maharagwe katika kipande cha ardhi alichopewa na serikali ya Uganda akitumie. Ardhi hiyo anailima, lakini si yake, hawezi kuiuza. Aandike thamani gani? Mihogo nusu huliwa nyumbani, robo hupewa jirani aliyefiwa, kilichobaki huuzwa kwa bei ya siku ile. Mama huuza samaki wakavu. Wiki moja ana faida, wiki ya pili mtaji wenyewe umeliwa na homa ya mtoto. Kaka mkubwa huendesha boda boda ya mtu mwingine na kumpelekea tajiri hesabu kila jioni. Wana akiba katika kikundi cha kina mama, imo katika sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo anao mtu wake. Hiyo ndiyo benki. Taarifa ya miezi mitatu yenye mhuri itatoka wapi?

Halafu fomu inauliza idadi ya watu wa nyumbani. Hapo ndipo mfasiri anapokwama kabisa, na ndipo jambo hili linapokuwa la utamaduni. Katika lugha yetu mtu ana watu wa nyumba, ana jamaa, ana ukoo, na mipaka ya maneno hayo haikuchorwa na mtoza kodi. Mtoto wa marehemu dada aliyepotea njiani wakati wa kukimbia vita ni wa nyumba ile, ingawa hakuna hakimu aliyempa baba huyo hati ya ulezi. Bibi kizee aliyebaki Bukavu hayupo nyumbani, lakini pesa za dawa zake hutoka humo kila mwezi kwa njia ya simu. Fomu ina visanduku. Maisha ya watu hawa hayana pembe za kuenea visanduku hivyo. Mwalimu akijaribu kueleza yote anaambiwa nafasi imekwisha. Akifupisha, amesema uongo bila kukusudia.

Hati ambayo mzazi huyu anaweza kuipata ni mbili. Ya kwanza ni karatasi ya ukimbizi itolewayo na Ofisi ya Waziri Mkuu, yenye majina ya familia yake. Ya pili ni barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, yenye saini na mhuri. Kila Mganda anajua uzito wa mhuri ule. Bila barua ya LC1 hupati hiki wala kile. Mwenyekiti ndiye anayejua nani analala wapi na nani anakula nini. Kwa maoni yetu barua hiyo ina ukweli mwingi kuliko taarifa ya benki, maana benki huijua fedha tu, na mwenyekiti anamjua mtu. Lakini chuo kimoja, ambacho hatukitaji, kilijibu kwamba hati ya namna hiyo "haitambuliki" na kuomba ile ya mwajiri. Mwajiri yupi? Tulipoandika sifuri katika nafasi ya mshahara, ilikuja barua ya pili ikitaka maelezo jinsi familia isiyo na mapato inavyoishi. Wakati barua hizo zikienda na kurudi, Januari ilikwisha.

Hapo huingia kishawishi. Wapo watu mjini, wenye kompyuta na mihuri, watakaomtengenezea mzazi barua ya mwajiri asiyekuwapo na taarifa ya benki ambayo hakuwahi kuingia mlangoni mwake. Bei yake si kubwa. Walimu wenzetu, tusiwatukane wazazi wanaokwenda huko. Tuitukane kwanza desturi inayomfanya mkweli aonekane mwongo na mwongo aonekane amekamilisha faili. Lakini mwalimu wa Kiswahili asishike kalamu katika udanganyifu huo. Mtoto akigunduliwa, atakayefukuzwa ni yeye, na watakaokuja nyuma yake kutoka shule ile ile wataangaliwa kwa jicho la shaka.

Vyuo vina hoja yao, nasi hatutaki kuificha. Husema: fedha zetu zina kikomo, tukimkubali mtoto tusiyeweza kumsaidia, tutakuwa tumempa ahadi tupu, heri tujue mapema anahitaji kiasi gani. Hoja hiyo ina uzito. Vipo vyuo vichache ambavyo hutangaza kwamba havipimi mfuko wa mwombaji wa nchi za nje vinapoamua: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst kwa miaka mingi, na Dartmouth na Bowdoin tangu 2022, pamoja na vingine vichache vilivyofuata. Hivyo ni vyuo vyenye hazina kubwa mno. Vingine vingi hupima, na baadhi yao hukiri waziwazi. Hao wanaokiri tunawaheshimu, kwa kuwa mzazi akiambiwa ukweli anaweza kuamua kama atoe jasho lake au asitoe. Tunaowaogopa ni wale wasemao nusu. Wala si sisi tu wenye shaka. Januari 2022 vyuo kadhaa vyenye sifa kuu vilishtakiwa mahakamani huko huko Marekani, ikidaiwa kwamba vilikubaliana namna ya kukadiria msaada na kwamba baadhi yao vilikuwa vikitazama utajiri huku vikisema havitazami. Kufikia 2024, vyuo kumi kati ya hivyo vilikubali kulipa jumla ya dola milioni 284, bila kukiri kosa.

Lakini kujua kwamba mtoto anahitaji msaada ni jambo moja, na kutaka hati zote za mzazi zenye mihuri ni jambo jingine. Kwa la kwanza yatosha mwombaji aandike mstari mmoja: familia yangu inaweza kutoa kiasi hiki, au haiwezi kutoa kitu. Hati zaweza kuombwa kwa wale wachache ambao chuo kimekwisha soma kazi zao na kuwapenda. Tofauti yake ni kubwa. Leo wanafunzi mia wanahangaika kutafuta mihuri ili mmoja achaguliwe. Kwa utaratibu tunaoutaka, angehangaika yule mmoja, tena akiwa na matumaini yaliyo na msingi, na mwenyekiti wa LC1 angeandika barua moja badala ya mia.

Tunaambiwa pia kwamba sheria ya Marekani ndiyo inayodai uthibitisho wa fedha. Jibu hilo halitoshi. Sheria hudai uthibitisho kabla ya chuo kutoa hati ya I-20, ile ambayo mwanafunzi huenda nayo ubalozini kuomba viza. Hati ya I-20 hutolewa baada ya mtu kukubaliwa. Hivyo sheria yenyewe imeweka mfuko nyuma ya uamuzi. Ni vyuo vilivyouhamishia mbele. (Viza nayo ni mlima mwingine, lakini hatutaupanda leo.)

Na tukiambiwa kwamba tarehe haziwezi kusogezwa, basi tukumbuke yaliyotokea Marekani mwaka 2024. Serikali ya huko ina fomu yake ya msaada wa masomo, FAFSA, kwa raia na kwa baadhi ya wageni wenye haki ya kukaa. Bunge lilipitisha sheria ya kuirahisisha Desemba 2020. Fomu mpya ya mwaka wa masomo wa 2024–25, ambayo kwa kawaida ingefunguliwa tarehe 1 Oktoba, ilifunguliwa kwa kusuasua tarehe 30 Desemba 2023, na vyuo vikaanza kupokea taarifa zake Machi 2024. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilieleza Septemba 2024 kwamba katika miezi mitano ya kwanza, simu zipatazo milioni 4 kati ya milioni 5.4 zilizopigwa kuomba maelezo hazikujibiwa. Watoto wa Kimarekani walikuwa na barua za kukubaliwa mkononi, lakini hawakujua watalipa nini. Vyuo vilifanyaje? Vingi viliisogeza ile tarehe ya 1 Mei, siku ya kuthibitisha nafasi, hadi katikati ya Mei, hadi Juni, na vingine mbele zaidi. Vilifanya vyema. Tunachosema ni kwamba siku ya mwisho iliyosogezwa kwa sababu karani wa Washington amechelewa, yaweza kusogezwa pia kwa sababu mwenyekiti wa kijiji amekwenda mazikoni.

Historia nayo inatushuhudia. Septemba 1959 ndege iliyoandaliwa na Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Kufikia 1963 walikuwa wamesafiri karibu 800, wa Kenya na wa nchi jirani, Uganda ikiwa mojawapo. Wanafunzi wale walikuwa wamekwisha kubaliwa vyuoni. Kilichopungua kilikuwa nauli na matumizi, na hivyo vilichangwa, huku vijijini kwa kuku na ng'ombe, na kule Marekani kwa barua zilizotiwa saini na watu mashuhuri kama Jackie Robinson na Harry Belafonte. Wangari Maathai alikwenda 1960 katika chuo kidogo cha masista, Mount St. Scholastica, huko Atchison, Kansas. Mama yake alikuwa mkulima wa Nyeri. Hatusemi enzi zile zilikuwa za asali. Wengi walipofika huko walikuta fedha hazitoshi, wakafanya kazi za kila aina. Tunasema tu kwamba akili ya mtoto ilitangulia, na mfuko ukafuata, ukichangiwa na wengi.

Hata hapa kwetu, Bodi ya kugharimia wanafunzi wa elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, humkopesha mtu aliyekwisha pata nafasi chuoni. Ina upungufu wake, na fedha zake hazitoshi wote wanaoomba, lakini mpangilio huo ni wa haki.

Limebaki jambo la lugha, nalo ni letu peke yetu. Hakuna chuo cha Marekani kitakachotufanyia. Neno "msaada" limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mtoto akija na barua akisema, "Mwalimu, nimepewa msaada," hatujui amepewa nini. Yaweza kuwa fedha isiyorudishwa, yaweza kuwa deni, yaweza kuwa ahadi ya kazi ya kufagia maktaba. Jamaa za wazazi wetu hawa waliohamishiwa Marekani wameonja uchungu wa neno hilo, maana huko vyuo vyenyewe huchanganya hesabu: ofisi ile ile ya ukaguzi ilikadiria mwaka 2022 kwamba vyuo 91 katika kila 100, katika barua zao za msaada, ama havikutaja gharama halisi itakayobaki kwa mwanafunzi ama viliipunguza. Ikiwa msomaji wa Kiingereza hupotea humo, msomaji wa Kiswahili atatokaje salama kwa neno moja tu?

Maneno tunayo. Fedha isiyorudishwa iitwe ruzuku. Irudishwayo iitwe mkopo, hata kama barua imeificha chini ya jina zuri. Malipo ya kazi ya chuoni yaitwe ujira. Anayelipiwa na mtu au shirika kwa sababu ya sifa zake aitwe mfadhiliwa, na kitu hicho kiitwe ufadhili. "Msaada" libaki jina la jumla, lisiandikwe peke yake katika tafsiri yoyote itakayotiwa saini na mwalimu. Wenzetu wa Kigali, Bujumbura na Goma huenda wana maneno mengine. Watuandikie tulinganishe, maana mwanafunzi mmoja huanza shule upande mmoja wa mpaka na kumalizia upande mwingine.

Msimu wa fomu ujao, basi, tunapendekeza walimu wafanye hivi. Pale fomu inapotaka barua ya mwajiri na mwajiri hayupo, mwalimu aandike maelezo ya maisha ya familia kwa Kiswahili, kwa maneno ya mzazi mwenyewe, mzazi atie saini au dole gumba, kisha tafsiri ya Kiingereza iambatishwe pamoja na barua ya LC1. Kiasi asichokijua mzazi kisibuniwe; iandikwe kwamba hakijulikani na kwa nini. Na juu ya faili iwekwe barua fupi kwa chuo, yenye ombi moja: someni kazi ya mtoto huyu kwanza, mkimtaka tuambieni, nasi tutaleta kila hati inayopatikana katika muda wa wiki sita. Nakala za majibu ya vyuo, yawe mazuri au mabaya, ziletwe kwa mhariri majina ya watoto yakiwa yamefutwa. Tukipata majibu ishirini tutayachapa yote katika ukurasa huu, kwa Kiswahili, ili mzazi wa mwaka kesho ajue ni chuo gani kilisoma insha kabla ya kuuliza bei ya mbuzi.